Mpiga Kura Mmoja wa Makazi Mapya

Utepe ulipogusa paji la uso wake, Atuganile alifumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Alihesabu moyoni hadi tano. Alipoyafumbua, taa ndogo juu ya mashine ilikuwa nyekundu.

"Tujaribu tena, mama," alisema Subilaga, karani wa uandikishaji. "Labda ni jasho."

Hakukuwa na jasho. Ilikuwa asubuhi ya Juni, na baridi ya milimani ilikuwa imemfanya hata polisi wa mlangoni afiche mikono makwapani. Subilaga alimfuta paji kwa kitambaa, akaufunga utepe upya, akabonyeza. Nyekundu.

Karani yule aliinamisha uso. Mwaka uliopita Atuganile alimzalisha mapacha kwenye zahanati ya Makazi Mapya, na tangu siku hiyo Subilaga hakuwahi kumtaja kwa jina.

"Mama mkunga," alisema kwa sauti ya chini, "mashine imeona mkato."

"Kwani hapa nani hana mkato?"

Hakuna aliyekosa. Foleni nzima nyuma yake ilikuwa ya watu wenye mkato, na wote walijua watakataliwa, na bado walikuwa wamekuja na vitambulisho vyao mfukoni, wamevaa nguo za kwendea kanisani.

Miaka tisa nyuma, maji ya Bwawa la Lufilika yaliteremka bondeni asubuhi moja yakazoa vijiji vinne. Watu wa Makazi Mapya walilijua jambo hilo kama mtu anavyojua vita vya enzi za mababu, kwa kusimuliwa. Waliosalimika walikuwa wameanza kufa mmoja mmoja kwa majonzi, na baadhi kwa mikono yao wenyewe, ndipo serikali ya Shirikisho ikaleta madaktari na mashine za Tulizo. Mtu alitia sahihi, akalala siku mbili, akaamka na mkato kwenye kumbukumbu, pengo lisilouma. Picha, vyeti na majina ya waliokufa vikafungiwa ghalani mkoani, ili pengo lisichokonolewe. Watu elfu sita na mia tatu na kumi na wawili walitia sahihi. Wakajengewa nyumba bondeni kulekule, maana ardhi nyingine haikuwepo, wakaanza upya kulima ndizi na kuchuma chai.

Kisha ikaja Sheria ya Mpiga Kura Kamili. Redioni hoja yake ilisikika ya busara kabisa: kupiga kura ni kutoa hukumu, na hakuna hakimu anayehukumu kesi aliyoisahau. Mtu aliyekatwa kumbukumbu abaki na haki zake zote, atibiwe, asome, amiliki shamba. Kura tu asipige. Wabunge walisema wanawalinda.

"Kura yenyewe ni ya bwawa," Atuganile alisema. "Wanataka ukuta uinuliwe mita thelathini. Ukishindwa kuhimili, maji yanashukia wapi?"

"Yanashukia hapa, mama."

"Na watakaopiga kura ni nani?"

"Ni wa Ikomelo. Watu wa juu." Subilaga mwenyewe alikuwa mtu wa juu, na alipolisema hilo masikio yalimwiva. Alitazama kulia na kushoto, akasogeza karatasi moja mezani. "Kuna njia. Kifungu cha kumi na tisa. Ukirejeshewa kumbukumbu, mkato unafutika na mashine inakupokea. Mwisho ni Ijumaa ijayo. Lakini, mama… hajawahi kuomba mtu. Hata mmoja."

Atuganile aliichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia kwenye kifundo cha kanga.

Nje, gari la kampeni lilikuwa likipita barabarani, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Halikupunguza mwendo. Zamani magari yale yalisimama kila penye watu watatu. Walishuka vijana wakagawa kofia na fulana, mgombea akashika mikono iliyojaa matope akaahidi daraja. Daraja halikujengwa, na watu walicheka na kulalamika, wakavaa fulana zile shambani hadi zikachanika. Sasa Atuganile aliona kwamba hata katika uongo ule mlikuwa na heshima. Mtu hamdanganyi asiyemhitaji. Mwaka huu aliandika barua tatu kwa diwani kuomba mipira ya kuvaa mikononi, maana alikuwa akizalisha kwa mifuko ya nailoni, na jibu lililokuja lilikuwa la mstari mmoja: jina lako halimo katika daftari la wapiga kura la kata hii.

* * *

Gwakisa, mumewe, alikuwa uani akichonga mzinga wa nyuki. Alimtazama mara moja tu.

"Wamekukataa."

"Wamenikataa." Atuganile alikaa kwenye kigogo, akafungua kifundo. Alimsomea ile karatasi yote, hadi kifungu cha mwisho. Gwakisa aliendelea kuchonga mpaka aliposikia neno kurejeshewa. Hapo akaweka patasi chini.

"Kwa ajili ya kura moja?"

"Kwa ajili ya kura yangu."

"Kura moja haizuii ukuta, Atu."

"Sijasema itazuia. Wewe unaona ni sawa watu wakae huko juu wapige kura kama sisi tufe au tusife, na sisi tunachungulia dirishani?"

"Sioni ni sawa. Lakini nalala." Alisema polepole, kama anayepima kila neno. "Naweka kichwa kwenye mto, nalala mpaka jogoo. Unajua ni watu wangapi duniani wanatafuta hicho?"

Kwa miaka tisa Atuganile alikuwa ameishi na jambo analolijua bila kulikumbuka. Yeye alikuwa mkunga. Kila alipooga aliona michirizi ya tumbo lake, na chini ya kitovu kovu la mshono lililonyooka vizuri, kazi ya mtu mwenye mkono mwepesi. Tumbo hilo lingekuwa la mgonjwa, angeandika kwenye kadi bila kusita: amezaa, si chini ya mara mbili. Gwakisa alilala kando ya tumbo hilo kila usiku. Hawajawahi kulizungumza.

"Najua tulikuwa na watu," Gwakisa alisema ghafla, akiitazama mikono yake. "Mimi si mjinga. Mtoto wa jirani akilia, hii mikono inainuka yenyewe, kama inataka kupokea kitu. Kisha nairudisha. Inatosha. Sihitaji kujua alikuwa nani."

"Na mimi nisipohitaji kujua, nitakaa kimya mpaka lini?"

Gwakisa akaokota patasi, akaifuta ncha kwa kidole gumba.

"Nenda. Siwezi kukufunga kamba. Ila ukirudi, yabaki yako."

Atuganile alikubali. Siku ile ilionekana ahadi nyepesi.

* * *

Daktari wa Tulizo mkoani alikuwa mama wa makamo kutoka Tanga, Dakta Rukia Mbaruku, mwenye sauti ya taratibu na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwonyesha Atuganile kofia ya chuma yenye nyaya nyembamba kama nywele, akamweleza kama anavyomweleza mtu mzima mwenzake.

"Kumbukumbu ni kama njia ya porini. Ikipitwa inabaki wazi. Sisi hatukung'oa kitu kichwani mwako. Tuliziba njia, na kabla ya kuziba tulichora ramani yake, mshipa kwa mshipa. Ramani hiyo ninayo hapa. Leo nitaifungua njia. Utapita mara moja, yote, kwa muda wa saa nzima. Kisha itakuwa yako kama jana ilivyo yako."

"Na nikishindwa kuibeba?"

"Hapo ndipo penye ugumu. Ubongo unakubali kufungwa mara moja tu. Tukijaribu tena, tunapoteza na mengine: jina lako, kuongea. Siruhusiwi, na hata ningeruhusiwa nisingefanya." Alivua miwani. "Bibi Atuganile, niliwatuliza watu mia nane kwa mikono yangu. Nililia nikiwafanyia, nikajua nawaokoa. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja dawa yetu itageuzwa kosa lenu."

"Lakini ulipoisikia hiyo sheria, ulifanya nini?"

Daktari alivaa tena miwani. "Nilimpigia makofi rafiki yangu aliyeipinga," alisema. "Kisha nikarudi kazini."

Atuganile akajilaza.

Majina ndiyo yalirudi kwanza. Lwitiko. Miaka saba, meno mawili ya mbele yameng'oka, anapiga mluzi kwenye pengo. Anyosisye, mwaka mmoja na nusu, hataki kulala mpaka ashike sikio la baba yake. Akawaona, akawanusa, na kwa muda usiozidi pumzi kumi alikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote duniani.

Kisha ikaja asubuhi yenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na moja, na mtandao wa simu ulikuwa umekufa tangu siku ya tatu. Alikuwa juu kilimani, nyumbani kwa Asajile, mlinzi wa milango ya bwawa, akimzalisha mkewe. Mtoto alitanguliza miguu. Atuganile alikuwa amemtoa hadi kiunoni, amemshika kwa taulo, ndipo redio ya ukutani ikakoroma. Sauti ya mwanamume wa idara ya bwawa, tulivu, ya mtu aliyekwisha kunywa chai:

"Asajile, fungua milango yote sita. Ukuta hauwezi kubeba zaidi."

"Nipige king'ora, mzee?"

"Acha king'ora. Hatutaki taharuki."

Asajile alimtazama Atuganile. Atuganile alimtazama Asajile, naye akatoka kwenda kuifungua. Kijiji kilikuwa chini, mwendo wa nusu saa kwa mtu anayekimbia. Maji yangehitaji dakika arobaini. Mtu yeyote angeweza kuzihesabu dakika hizo, na yeye alizihesabu, mikono yake imeshika miguu ya mtoto ambaye kichwa chake kilikuwa bado ndani. Akimwachia, mtoto anakufa hapo hapo. Akabaki. Kichwa kikatoka. Kisha mama akaanza kumwaga damu, akabaki tena, akikanda tumbo lile kwa ngumi mpaka damu ikakata. Alipotoka nje akakimbia. Kwenye kona ya mwisho ya njia aliona bonde lote likiwa la rangi moja.

Gwakisa aliokotwa juu ya mti siku ya pili. Alikuwa amewashika wote wawili, mmoja kila mkono, mpaka mti ulipotikisika. Kambini, kwenye hema, Atuganile alimweleza kila kitu, maana hakuwahi kumficha neno. Gwakisa alimsikiliza mpaka mwisho, akasema: "Ulimshika mtoto wa mwenzako, ukawaachia wako." Kwa miezi mitatu iliyofuata hakumsemesha tena. Siku madaktari walipokuja na fomu, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutia sahihi. Atuganile alitia ya pili, ili asibaki duniani mtu anayelikumbuka neno lile.

Dakta Rukia alipomvua kofia, alimkuta macho makavu.

"Pole, mama," alisema.

"Mume wangu ananipenda," Atuganile alisema. Alitazama dari. "Ananipenda kwa sababu hajui."

* * *

Safari hii taa ilikuwa ya kijani. Subilaga aliandika jina lake kwenye daftari, kisha akamweleza kilichokuwa kimeandikwa chini ya kifungu: aliyeandikishwa anayo haki ya kupiga kura, na pia haki ya kusema, dakika tatu, kwenye mkutano wa hadhara utakaofanyika Ikomelo. Mkutano huo utarushwa kwa vipaza sauti wilaya nzima.

Siku nne alizunguka na jambo hilo. Angeweza kupiga kura kimyakimya na kubaki na mume. Gwakisa alimpokea vizuri aliporudi. Hakuuliza, alimchemshia maji ya kuoga, akamwekea asali kwenye uji. Jioni alikaa naye uani akipiga mluzi, na Atuganile aliingia ndani akauma kanga, kwa sababu sasa alijua mtoto yule alifundishwa na nani kupiga mluzi. Kama angenyamaza, uji ule wa asali ungeendelea mpaka uzee. Wangezikana.

Lakini kwa hesabu yake, yeye na Asajile tu ndio waliokuwa wameisikia ile sauti ya redioni, maana mama aliyekuwa akizaa hakusikia lolote kwa uchungu, na Asajile alikuwa amekufa mwaka uleule, kwa kinywaji. Watu elfu sita walikuwa wamelala chini ya ukuta ambao wenyewe hawakujua uliwahi kufanya nini. Kura yake ingekuwa karatasi moja. Neno lake huenda lingekuwa karatasi elfu. Alitaka kumwomba mtu ruhusa, akaona hakuna wa kuombwa. Mwenye haki ya kukataa alikuwa Gwakisa, na kumwuliza kungekuwa ni kumwambia.

Siku ya tano akapanda lori la chai kwenda Ikomelo.

Ukumbi ulijaa. Mhandisi wa bwawa, kijana mwenye adabu, alikuwa ameonyesha picha za taa zitakazowaka na visima vitakavyojaa. Watu wa Ikomelo hawakuwa wabaya. Walikuwa wamekaa miaka minne ya ukame, wanawake wao wakipanga ndoo tangu alfajiri, hospitali yao ikizimika umeme watu wakiwa kwenye meza ya upasuaji. Mwenyekiti aliita jina lake, kisha akaongeza, bila nia ya ubaya: "Ndiye pekee kutoka Makazi Mapya."

Atuganile alisema. Hakupandisha sauti. Alitaja maneno ya redioni kama yalivyosemwa. Alitaja dakika arobaini. Alisema alibaki na mama aliyekuwa akizaa, na kwamba alikuwa na watoto wawili bondeni, akawataja majina. Dakika tatu zilikwisha na mwenyekiti hakumkatiza.

Mwanamke mmoja mstari wa mbele alikuwa akilia waziwazi. Mzee mmoja alivua kofia. Mhandisi alisimama, uso umempauka, na alichosema alikisema kwa dhati: "Tunampa pole mama yetu. Mimi sikuwepo wakati ule. Safari hii ving'ora vitajipigia vyenyewe, havisubiri amri ya mtu."

"Nani atakayevifunga?" Atuganile aliuliza.

"Ni… ni idara, mama."

"Ileile?"

Kutoka nyuma mtu akauliza, bila hasira, kwa uchovu tu: "Na sisi maji tutayapata wapi?" Watu wakageuza vichwa kumtazama mhandisi, akaanza kujibu, na mkutano ukaendelea.

Kesho yake asubuhi watu tisini wa Makazi Mapya walipanga foleni mbele ya kliniki ya mkoa, wengine wakiwa wametembea tangu jana yake, wakitaka kurejeshewa. Dakta Rukia alitoka akasimama kwenye ngazi. Siku ya mwisho ilikuwa imepita. Angeweza kuwarudishia waliowapoteza. Kura hangeweza kuwapa. Alirudia maneno hayo mara mbili. Baadhi walikaa chini palepale kwenye nyasi. Hakuna aliyeingia.

* * *

Sheria ilisema kila kata yenye mpiga kura lazima iwe na kituo. Kwa hiyo siku ya kura, saa moja asubuhi, lilifika Makazi Mapya gari lenye msimamizi wa kituo, makarani watatu, polisi wawili, mawakala wa pande zote mbili, kituturi cha mbao cha kupigia kura, chupa ya wino na sanduku jeupe la kuona ndani. Waliyapanga yote kwenye darasa la shule. Nje walisimama watu mia kadhaa, kimya, kama msibani.

Subilaga alikuwa mmoja wa makarani. Alisoma jina kwa sauti, kama taratibu zinavyotaka. Kulikuwa na jina moja tu la kusoma.

Atuganile aliingia kwenye kituturi. Aliishika kalamu akaona mkono wake umetulia kabisa, kama unavyotulia anapokata kitovu. Akaweka alama. Akatumbukiza. Karatasi ilianguka chini ya sanduku tupu, ikalala upande, na kila aliyekuwa darasani angeweza kuisoma kama angetaka. Wakala mmoja kwa heshima aligeuza uso.

Haikuruhusiwa kufunga kabla ya saa kumi jioni. Siku nzima walilinda karatasi moja. Makarani walisinzia, polisi walicheza drafti kwa vizibo. Nje watu hawakuondoka. Mama mmoja mzee alimsogelea Atuganile, akamshika mkono uliochovywa wino, akakigeuza kidole huku na huku kama anayekagua nguo asiyoweza kuinunua.

"Inakuwaje, mwanangu?" aliuliza. "Nilishasahau."

"Ni baridi kidogo, mama. Basi."

"Ndaga," alisema yule mzee, akimshukuru kwa lugha ya nyumbani, na hakuuachia ule mkono kwa muda.

Saa kumi walihesabu. Msimamizi aliinua karatasi juu, akatangaza: "Hapana, moja." Akaandika. Mawakala wakatia sahihi.

Matokeo ya wilaya yalisomwa kesho yake. Waliotaka ukuta uinuliwe walikuwa elfu ishirini na moja na mia tisa na arobaini. Waliokataa, elfu kumi na nane na mia tatu na sabini na saba. Kabla ya mkutano wa Ikomelo kila mtu alitabiri kwamba wanaokataa hawatafika elfu tano. Subilaga alikuja mwenyewe nyumbani kuleta habari, akasimama mlangoni asiingie.

"Wamezidi kwa elfu tatu na mia tano hivi, mama," alisema. "Ninyi mngekuwa kwenye daftari… hata theluthi mbili yenu…"

"Najua kuhesabu, mwanangu," Atuganile alisema. "Nenda kwa watoto wako."

* * *

Gwakisa alikuwa ameusikia mkutano sokoni, kwenye kipaza sauti cha juu ya nguzo, amebeba mzinga begani. Watu walimwona amesimama mpaka mwisho. Kisha aliuuza ule mzinga akarudi nyumbani. Tangu hapo hakumgombeza, hakumkwepa. Alikula alichopikiwa. Ila mluzi hakupiga tena.

Siku mbili baada ya matokeo, walipokuwa wakimenya ndizi, aliuliza: "Yupi alikuwa mkubwa?"

"Lwitiko."

"Lwitiko," Gwakisa alirudia. Alisubiri. Akajaribu la pili. "Anyosisye." Alilitamka vizuri, kwa uangalifu, kama mtu anayesoma jina kwenye kibao cha duka la mtu asiyemjua. Atuganile alimtazama usoni akitafuta chochote kitakachotikisika. Hakikutikisika kitu, na Gwakisa mwenyewe aliona kwamba hakikutikisika, na hilo ndilo lililomfanya aweke kisu chini.

"Baada ya maji kupita, kule kambini," alisema. "Nilikusamehe?"

Angeweza kusema ndiyo. Hakuna ambaye angemkanusha. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya kichwa chake. Neno lilifika mdomoni.

"Hapana," alisema. "Hukunisamehe."

Gwakisa aliitikia kwa kichwa. Akayasukuma maganda ya ndizi pembeni.

"Mimi nikikutazama sasa, sina ninachokudai," alisema. "Nikisema nimekusamehe, nitakuwa nasema maneno ya mtu mwingine. Nikisema nakuchukia, vilevile. Kwenye jambo hili sina hata la kusema, Atu. Watoto wangu mwenyewe, na sina la kusema."

"Gwakisa."

"Nataka kwenda mkoani."

"Kura imekwisha."

"Siendei kura."

Atuganile alijua kila kilichokuwa kikimsubiri mumewe chini ya ile kofia: mti, maji, mikono miwili, kisha hema na sauti ya mkewe akimsimulia. Alijua mwanamume gani angeamka. Ilimtosha kusema neno moja. Kumwambia kwamba hakuna kufungwa mara ya pili, kwamba hatalala tena mpaka jogoo. Au kumshika tu mkono, kwa maana Gwakisa alikuwa mtu wa kushikika. Alifungua kinywa. Akawakumbuka wale wabunge wa redioni, wakieleza kwa upole kwa nini watu fulani ni bora wasihusishwe.

"Daktari ni yule yule, mama Rukia," alisema. "Mwambie umetoka kwangu. Uliza kila kitu kabla hujalala. Na ujue hakuna kurudi nyuma. Akikuambia hivyo, mwamini."

"Sawa."

Asubuhi alimfungia ndizi za kuchoma na maharage kwenye jani, akamtafutia sweta. Lori la chai lilisimama kwenye njia panda saa mbili. Gwakisa alipanda nyuma, akakaa juu ya magunia. Alimtazama mkewe kwa macho yaleyale ya miaka tisa, macho ya mtu asiyejua, akajaribu kutabasamu.

"Nikirudi," alisema, "nitakuwa nani?"

"Utakuwa baba yao," Atuganile alisema.

Lori likaondoka. Juu kilimani, pembezoni mwa ukuta wa bwawa, mashine za kwanza zilikuwa zimekwisha kufika na zilikuwa zikisawazisha ardhi. Alibaki njia panda mpaka hakusikia tena lori, akisikia mashine peke yake, kisha akageuka kwenda zahanati. Kulikuwa na mama amefika tangu alfajiri, na uchungu ulikuwa umekaribia.